Jina Ambalo Tusekile Hakulitaja

Simu ikinyamaza upande wa pili, msikimbilie kusema mtandao umekatika. Wakati mwingine mtandao upo, mtu yupo, na anakusikia vizuri tu. Amenyamaza kwa sababu umemuuliza kitu ambacho hawezi kukijibu. Nyie mnaoanza kazi hizi za mifumo mmefundishwa kusoma makosa kwenye kioo. Ukimya wa mtu kwenye simu hamkufundishwa. Mimi niliujua, na siku nilipotakiwa kuutumia niliukalia.

Naitwa Ambakisye. Shule yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nusu nilikuwa shambani. Niliingia kwenye chama chetu cha wakulima wa chai hapa Tukuyu kama fundi mizani. Zile za kuning'iniza, unatundika gunia la majani mabichi kwenye ndoano, mshale unacheza, karani anaandika. Springi ikilegea nilikuwa naijua kwa kuangalia mshale unavyotulia. Zikaja mizani za betri, nikazijua. Vikaja vishikwambi vya makarani, nikavijua. Mwisho nikajikuta kwenye chumba cha seva, na sikuwahi kuombwa cheti kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukaa kwenye chumba chenye kelele zile.

Aliyeniingiza humo ni Idrisa. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa hapa mjini, na Idrisa ndiye mtu wa kwanza wa chama kugusa kompyuta bila kuiogopa. Vituo vya kupimia majani vilikuwa vimeongezeka, na kila karani akifungua njia yake mwenyewe ya kuingia kwenye kanzidata, lile ghala la kumbukumbu zetu zote, seva yetu ilikuwa inatweta kama mtu anayepanda mlima wa Lufingo na mkungu wa ndizi kichwani. Kwa hiyo Idrisa akaweka programu ya kusimama mbele yake. Wenye vyeti wanaiita pooler. Idrisa aliiita bawabu, na mimi mpaka leo naiita hivyo hivyo.

Kazi ya bawabu ni kufungua njia chache tu za kwenda kwenye kanzidata na kuziacha wazi. Karani akija, anapitishwa kwenye njia iliyopo. Akimaliza, anapita mwingine. Sasa sikilizeni vizuri. Bawabu ana orodha yake ya majina na paswedi. Kanzidata nayo ina orodha yake. Orodha hizo mbili hazijuani kabisa. Ukiandika jina huku, kule halionekani. Miaka yangu yote ya kazi nimeila hapo katikati.

Mara ya kwanza nilipomwendea Idrisa na shida, nilimwambia, "Mfumo umenikataa, bwana."

"Nani amekukataa?"

"Si huo mfumo."

"Amba, ukienda dukani kwa mzee wangu ukarudi mikono mitupu, utaniambia duka limekukataa? Mlinzi alikuzuia mlangoni? Au uliingia, muuzaji akasema hakujui? Au anakujua, lakini kabati la vitenge lina kufuli na ufunguo hukupewa? Rudi kaangalie nani amekukataa. Usirudi kwangu kabla hujamjua."

Nikarudi. Na mpaka naacha kazi hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza. Bawabu akisema hakuna mtu wa jina hilo, shida iko kwenye orodha ya bawabu, hata kama kanzidata inamjua mtu huyo tangu utoto wake. Paswedi ikikataliwa, mzunguke bawabu, ingia moja kwa moja kwenye kanzidata kwa jina lile lile. Ikikubali huko, mkosaji ni bawabu. Na ukiambiwa huna ruhusa, acha kuhangaika na paswedi, umeshaingia ndani, umesimama mbele ya kabati lenye kufuli.

Niliyajua haya kwa kuumia. Kuna siku nilibadilisha paswedi za makarani wote kwenye kanzidata, orodha ya bawabu nikaisahau. Nikajaribu, watu wanaingia. Nikajaribu tena, wanaingia. Nikajisifu, nikaenda kula ndizi za nyama kwa mama mmoja pale stendi. Narudi nakuta ofisi nzima imesimama, simu zinalia kama msiba. Kumbe bawabu alikuwa anawapitisha kwenye njia zilizofunguliwa tangu asubuhi kwa paswedi ya zamani. Zile njia zilipozeeka akataka kufungua mpya, kanzidata ikamtolea macho. Idrisa alicheka mpaka akavua miwani. "Umebadilisha kufuli ukiwa na wageni ndani," aliniambia. "Ulitegemea nini wakitoka?"

Idrisa simlaumu kwa kunicheka. Namlaumu kwa kuondoka. Baba yake alipozeeka alirudi dukani, akaniachia seva, bawabu, na kauli moja: "Unajua kuliko unavyofikiri." Hiyo kauli huwezi kuipeleka kwa meneja. Angeniandikia hata karatasi moja yenye sahihi, kwamba huyu bwana anaijua kazi. Hakuandika. Ni wa kwanza kwenye orodha yangu ya ninaowalaumu.

Wa pili ni Meneja Lugano. Mama huyu alinikuta ofisini. Kwa miaka nilimfufulia mfumo wake kila ulipokufa, mvua ikinyesha, umeme ukikatika, hata siku ya harusi ya mdogo wangu. Siku moja akatuita ukumbini, akasimama na kijana mwenye begi la mgongoni, akasema, "Huyu ni Gwamaka, ana shahada ya mambo haya. Kuanzia leo ndiye mkuu wa mifumo. Fundi Ambakisye atamsaidia."

Atamsaidia. Mimi.

Sasa nataka mjue wivu ulivyo, kwa sababu huko vyuoni hawaufundishi na ofisini mtakutana nao kabla hamjakutana na seva. Mimi sikumwonea wivu mshahara wake, siuelewi mpaka leo ulikuwa kiasi gani. Nilimwonea wivu kiti. Kilikuwa na magurudumu, akijisukuma kidogo anafika kwenye kabati bila kuinuka. Mimi miaka yote nilikalia stuli ya mbao niliyoigongomea miguu mwenyewe. Nilimwonea wivu kikombe, maana mama wa chai alianza kumpelekea chenye kisahani. Nilimwonea wivu jinsi watu walivyokuwa wanamwuliza kitu nilichowaambia mimi wiki iliyopita, yeye akasema kile kile, nao wakaandika.

Kibaya zaidi hakuwa na ubaya. Angekuwa na dharau ningepata pa kumshika. Kila asubuhi, "Shikamoo, fundi." Alikuwa mtoto wa huku kwa jina tu, amezaliwa na kukulia Dar es Salaam, Kinyakyusa chake kilikuwa "ugonile" ya kusalimia na "ndaga" ya kushukuru, basi, kimeisha. Akija na swali anavuta kile kiti mpaka kwenye stuli yangu ili asinitazame kwa juu. Nilikuwa naona hata hilo analifanya kwa makusudi ili nimpende.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, maana kuna kosa ambalo ni langu tangu mwanzo. Enzi za Idrisa, tulipofungua akaunti za vituo, kazi ya kuzunguka niliifanya mimi. Nilienda Nkunga, nikaenda Lufingo, nikaenda Kisiba kule ziwani, na kila nilipofika niliipa akaunti jina la karani niliyemkuta. Nilidhani ni heshima. Mzee akiona jina lake kwenye kioo anakaa vizuri. Kituo cha Kisiba karani alikuwa Mzee Kipesile, mtu wa kanisa, mkali, mwandiko wake kama wa chapa. Akaunti nikaiita kwa jina lake. Kwenye mfumo hapakuwa na neno Kisiba popote, palikuwa na majina ya watu tu. Jina lipi ni la kituo kipi, hilo lilikuwa kwenye daftari langu la mistari, na daftari lilikuwa kwenye droo yangu. Kila kitu nilichojifunza kwenye kazi kilikuwa humo.

Usiipe akaunti ya kazi jina la mtu. Mtu anaugua, anahama, anakufa. Mzee Kipesile yeye aliharibika macho. Kiti chake kikachukuliwa na mke wa mwanawe, Tusekile, binti mwenye kidato cha nne na mkono mwepesi. Kishikwambi kilikuwa kimehifadhi jina na paswedi tangu enzi za mkwewe, kwa hiyo Tusekile alikuwa anagusa tu kioo, anaingia, anapima majani ya watu. Hakuwahi kuandika chochote. Hakuna aliyefikiria lolote, mimi nikiwemo.

Kisha Gwamaka akaamua kubadilisha paswedi zote. Nitasema ukweli, alikuwa sahihi. Zilikuwa za zamani, nyingine zilijulikana hadi kwa madereva wa malori. Na aliifanya vizuri, kwenye kanzidata na kwa bawabu pia, si kama mimi na ndizi zangu. Akavifuta vishikwambi vyote kumbukumbu ya zamani. Akawapigia makarani: andika jina la akaunti yako kama kawaida, paswedi mpya ya wote kwa sasa ni hii, usimpe mtu yeyote kishikwambi wala usimtajie mtu jina la akaunti wala paswedi.

Asubuhi hiyo vituo viliingia kimoja kimoja. Nkunga wakaingia. Lufingo wakaingia, karani wao akalalamika kwamba paswedi ni ndefu kama jina la askofu. Nilikuwa kwenye stuli yangu naomba moyoni kitu kiharibike.

Kikaharibika Kisiba.

Gwamaka aliweka simu kwenye spika ili mikono yake iwe huru. Akasema, "Dada Tusekile, bawabu anasema hakuna jina kama hilo. Umeandika jina gani?"

"Nimeandika Kisiba, kaka."

"Kisiba siyo. Hakuna akaunti ya Kisiba. Andika lile la siku zote."

"Lile la siku zote ndilo hilo nimeliweka hivyo."

"Hapana, dada. Nitajie tu, mimi nitaliangalia huku."

Simu ikanyamaza. Tulisikia watu wa kituoni, mwanamke anacheka, gunia linaburutwa kwenye saruji.

"Dada Tusekile, upo?"

"Nipo, kaka."

"Nitajie jina."

"Siwezi kulitaja."

"Umelisahau?"

Kimya tena. Kisha akasema taratibu, "Ni la yule mzee aliyekuwa hapa kabla yangu. Nyie si mnamjua?"

Mimi nilijua pale pale, kwenye kimya cha kwanza. Kwetu mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Zamani hata njia moja hawakupita, akimwona anakuja anaingia kwenye migomba mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha, lakini kuna nyumba ambazo hazijaacha, na nyumba ya Mzee Kipesile haikuacha hata nukta. Mke wangu mwenyewe ameishi na mimi tangu ujana wetu na jina la marehemu baba yangu halijawahi kutoka mdomoni mwake. Kwenye fomu za watoto nilikuwa naandika mimi. Tusekile alitakiwa kuliandika jina la mkwewe kwa vidole vyake, kwenye kioo, mbele ya wakwe na mashemeji waliopanga foleni na magunia. Akafanya kama wanavyofanya wanawake wa huku, akaweka jina lingine la heshima mahali pake. Alidhani ofisini tutaelewa. Ofisini si kuna Wanyakyusa?

Gwamaka akafunika simu kwa kiganja, akanigeukia. "Fundi, karani wa zamani wa Kisiba alikuwa nani? Kwenye orodha kuna majina tu, hakuna vituo."

Daftari lilikuwa kwenye droo. Droo ilikuwa inagusa goti langu.

"Sikumbuki," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Angalia kwenye mfumo. Wewe ndiye mkuu wa mifumo."

Hakukasirika. Alisema, "Sawa, fundi," akarudi kwenye kioo. Mimi nikanywa chai.

Mniulize nilikuwa nataka nini. Nilitaka ahangaike kidogo, watu waone, Meneja Lugano atoke ofisini kwake aseme, jamani, mwulizeni Ambakisye. Nilikuwa nimeshaiandaa hadi sura nitakayoiweka. Nilidhani itachukua dakika kumi.

Gwamaka akaamua kufungua akaunti mpya, aiite kisiba kama dada alivyoandika. Wazo zuri. Akaiweka kwenye kanzidata. Bawabu akasema hakuna jina kama hilo, kwa sababu halikuwekwa kwenye orodha yake. Asubuhi alikuwa anabadilisha paswedi za majina yaliyopo, jina jipya hakuwahi kuliongeza, na majina mapya ya bawabu wetu yalikuwa yanaongezwa kwenye faili lingine ambalo mimi peke yangu nilijua lilipo. Akalitafuta. Akalipata, namsifu, akaandika jina, bado likakataliwa, maana faili hilo bawabu halisomi upya mpaka umwamrishe. Hilo nalo lilikuwa kwenye daftari. Mchana ukawa umefika.

Kisiba walikuwa wanapiga kila baada ya muda mfupi. Lazima mjue majani mabichi ya chai yalivyo. Ukiyashindilia kwenye gunia yanaanza kupata joto yenyewe, kama lundo la samadi. Yakikaa yanageuka mekundu, na kiwanda hakichukui majani mekundu. Kuandika kwenye karatasi Meneja alishakataza kwa sababu ya ugomvi wa zamani wa uzito ulioandikwa kwa mkono, na lori halipakii gunia lisilo na risiti ya kishikwambi. Wanawake wale walikuwa wamechuma tangu umande.

"Kaka," Tusekile akasema kwenye spika, sauti imebadilika, "watu wanafungua magunia wanayatandaza chini. Niwaambie nini?"

"Waambie dakika chache tu, dada. Jaribu sasa."

Akajaribu. Akaingia. Nikaona Gwamaka anapumua. Akapima gunia la kwanza, akagusa kuhifadhi, ikaja: ruhusa imekataliwa.

Kabati lina kufuli. Ruhusa zote zilikuwa kwenye akaunti ya Kipesile, huyu kisiba alikuwa mtu mpya asiye na ufunguo wowote. Gwamaka akalijua hilo haraka, akampa ruhusa ya kuandika kwenye jedwali la uzito. Tusekile akajaribu tena. Ruhusa imekataliwa. Gwamaka akaitazama ile ruhusa aliyoitoa, ipo. Akaitoa upya. Ikakataliwa. Akashika kichwa.

Hapo mtu yeyote angekwama, hata nyie mtakwama, kwa hiyo shikeni hili. Soma jina la kitu ulichokatazwa, mpaka mwisho wa mstari. Safari ya kwanza alikatazwa jedwali. Safari ya pili alikatazwa kile kihesabio kinachotoa namba ya risiti. Ni kitu tofauti, kina kufuli lake. Ukimpa mtu ruhusa ya kuandika bila kumpa ruhusa ya kuchukua namba, umempa daftari bila kalamu. Mimi nilikwama hapo siku mbili enzi za Idrisa, na nikaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu.

Nilikuwa nimekaa umbali wa mkono. Nilikuwa naona mstari ule kwenye kioo chake, nausoma kwa jicho la pembeni, na mdomo wangu niliufungua mimi mwenyewe mara moja, halafu nikautumia kunywa chai iliyokuwa imeshapoa.

Alikuja kuliona. Akatoa ruhusa ya namba, Tusekile akapima gunia, risiti ikatoka. Lakini lori la Kisiba lilikuwa limechoka kusubiri, dereva ameondoka kwenda kumalizia Lufingo. Lilirudi asubuhi ya pili. Majani yote ya Kisiba ya siku ile yalikataliwa kiwandani, wakayamwaga kwenye migomba.

Meneja Lugano hakutoka kusema mwulizeni Ambakisye. Aliandika kwenye taarifa kwamba karani wa Kisiba alisahau jina la akaunti. Na kule Kisiba, ambako walijua vizuri hakusahau kitu, kamati ya kituo ilikaa na kusema mwanamke hawezi kukalia kiti cha baba mkwe wake, ona sasa, watu wamepoteza jasho lao kwa jina moja. Wakamwondoa Tusekile.

Nilipata habari hiyo nikiwa natengeneza mizani. Sikulala vizuri, ila sikusema. Nilijiambia ni mambo ya kijijini kwao.

Gwamaka ndiye aliyesema lazima twende. Mvua ile ya huku isiyokatika, gari la ofisi linateleza, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na begi lake miguuni. Tulikuta watu wamekaa chini ya bati la kituo. Tusekile hakuwa nao, alikuwa nyuma ya ukuta na wanawake wawili, kwa sababu mkwewe alikuwepo mbele. Sauti yake tulikuwa tunaisikia, uso hatukuuona.

Mwenyekiti wa kamati akamweleza Gwamaka habari ya jina, kwa upole, kama unavyomweleza mgeni. Gwamaka alikuwa anasikiliza na kalamu mkononi, haandiki. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mtu yeyote wa huku angejua kwa nini amenyamaza?"

"Hata mtoto," Mwenyekiti akasema.

Mzee Kipesile, macho yake meupe yameelekea pale sauti zilipo, akaongezea, "Na jina hilo halikujiweka lenyewe. Aliliweka Ambakisye. Alikaa hapa hapa, nikampa ndizi mbivu, akaandika kwenye daftari lake. Yupo?"

"Yupo," wakamwambia.

"Daftari lile unalo, mwanangu?"

Nikasema ninalo.

Gwamaka akageuka akanitazama. Si kwa muda mrefu. Ile asubuhi nzima ilipita usoni kwake, nikaiona inapita: sikumbuki, angalia kwenye mfumo, chai. Nikasubiri aseme. Moyo wangu ulikuwa unataka aseme, nawaambia kweli, maana angesema hapo ningepata sababu ya kumchukia maisha yangu yote na kupumzika.

Akasimama. Akavua kofia, mvua ikimdondokea kutoka kwenye ukingo wa bati. "Wazee wangu, mama zangu, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyebadilisha mambo bila kuja kuwauliza. Dada Tusekile alifanya kazi yake, hakukosea hata herufi. Namwomba radhi yeye kwanza, halafu ninyi. Akaunti sasa inaitwa kwa jina la kituo, na vituo vyote vitakuwa hivyo. Ninaomba arudishwe."

Watu wakapiga makofi. Kutoka nyuma ya ukuta Tusekile akasema, "Ndaga, kaka." Mzee Kipesile alisema mbele ya wote kwamba kiti kile hakikuwa chake, kilikuwa cha wakulima, na mke wa mwanawe akikalie. Gwamaka akafungiwa mkungu wa ndizi na jogoo. Mimi ndiye niliyempakata jogoo njia nzima kurudi Tukuyu.

Tulipokaribia mjini alisema neno moja tu, bila kugeuka. "Fundi, kesho naomba lile daftari."

Nikampa. Hakumwambia Meneja, wala mtu yeyote. Kila asubuhi aliendelea, "Shikamoo, fundi," mpaka siku chama kilipohamisha seva kwenda kwenye mitambo ya mbali na kusema chumba chetu hakihitajiki, na mimi sihitajiki. Gwamaka alibaki. Alinisaidia kubeba stuli hadi barabarani.

Sasa natengeneza mizani sokoni. Tusekile bado ni karani Kisiba, hupita kwangu mizani yao ikilegea. Ananisalimia vizuri, anakaa, na hawezi kukaa bila kumtaja. "Yule kijana alisimama na mvua akabeba kosa mbele ya watu wote," ananiambia. "Fundi, wewe umezeeka kwenye kazi hizi, umewahi kuona mtu wa ofisi anafanya hivyo?"

Nasema sijaona. Nakaza springi.

Vijana, niliwataja Idrisa na Lugano, na kiti, na kikombe. Kiti na kikombe Gwamaka alinichukulia, na yote hayo nimeanza kuyasahau. Kimoja sikusahau. Kile cha Kisiba alikichukua pia, akapigiwa makofi kwacho, na hakikuwa chake. Kosa lile lilikuwa langu. Tusekile, ukiyapata haya, ujue nililijua jina tangu uliponyamaza mara ya kwanza.